Bustani Isiyolia

JUMATATU

Mchicha wa Mzee Eliwaza ulianza kulia saa moja kasoro robo asubuhi, mwenyewe akiwa bado amelala. Nilikuwa kwenye kibanda cha ndiva, kikombe cha uji mkononi, nikaona kwenye kioo taa ya tuta lake la kwanza inageuka nyekundu, kisha la pili, kisha yote kumi na manne.

"Bustani namba thelathini na moja," akasema Mizani, mashine yetu ya kugawa maji, kwa ile sauti yake ya mtu aliyesoma seminari. "Milio mia tisa na arobaini tangu alfajiri. Naomba ruhusa ya kufungua lango."

"Jana jioni si ulimpa?"

"Nilimpa. Ina kiu tena."

"Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe. Hawakusema mpe kila asubuhi."

"Kauli hiyo haimo kwenye kanuni," akasema Mizani. Nikabonyeza. Huko chini lango likapanda kwa mkwaruzo wake wa kila siku, na maji yakashika mfereji kwenda kwa Mzee Eliwaza.

Ndiva yetu ya Kwamsanze ni bwawa la mawe na udongo walilolijenga mababu kwenye miguu ya milima ya Upare. Usiku linajazwa na kijito kinachotoka juu, asubuhi maji yanagawiwa kwa zamu. Mababu waligawa kwa kumtazama mtu usoni. Sisi tunagawa kwa kusikiliza mimea. Kila bustani ina visikio, vidude vidogo kama punje ya mbaazi, vimebanwa kwenye mashina. Ndani ya shina maji hupanda kwa nyuzi nyembamba kutoka mzizini hadi kwenye jani. Mmea ukikosa maji nyuzi hizo hukatika, na kila uzi unapokatika hutoa mlio mwembamba ambao sikio la mtu haliushiki. Kisikio kinaushika, Mizani anahesabu, na anayelia zaidi ndiye anayepewa zaidi. Kijiji kizima kiliweka dole gumba kwenye kanuni hizo miaka tisa iliyopita, baada ya vuli ile iliyonyesha siku kumi na moja tu, watu wakatoana ngeu mferejini kwa majembe.

Mimi ni mgawa maji. Naitwa Namsifu. Kazi yangu ni kutoa ruhusa, kukwamua malango, kuandika malalamiko, na kurekebisha usikivu wa visikio siku za upepo, maana majani yakisuguana Mizani hudhani ni kilio. Usikivu unaanzia moja hadi tisa. Bustani zote zimewekwa nne, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa.

"Kuna taarifa ya pili," Mizani akasema. "Bustani namba thelathini imekuwa kimya msimu wa tatu mfululizo. Kwa kanuni ya saba, zamu yake itafutwa Ijumaa saa sita mchana, orodha ya upanzi wa vuli itakapofungwa. Maji yake yataunganishwa na ya jirani wa chini, namba thelathini na moja."

Uji ukanipalia. Namba thelathini ni bustani ya Nakijwa, dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne.

"Mizani, ile bustani inaishi kwa zamu moja kila siku kumi na mbili."

"Ndiyo. Na haijawahi kulia. Nimekadiria kwamba haihitaji maji."

"Kidogo si sawa na hakuna."

Mizani akafikiri kidogo, kama anavyofanya akitaka kuonekana ana adabu. "Hiyo nayo haimo kwenye kanuni," akasema.

JUMANNE

Nilimkuta amepiga magoti anapanda kunde.

Mgeni akiipita bustani ya Mama Mkubwa hageuki kuitazama mara mbili. Haina ule ukijani wa kujionyesha. Matuta yake hayakuinuliwa, yamezamishwa chini kina cha kiganja, ili tone likianguka lisipate pa kukimbilia. Juu yake kuna matandazo ya nyasi kavu. Kwenye maboga amezika vyungu vya udongo hadi shingoni, amevijaza maji na kuvifunika kwa vigae. Chungu kinavuja taratibu kupitia ukuta wake, na ukichimba utakuta mizizi imekikumbatia pande zote. Upande wa upepo kuna mstari wa mbaazi za tangu mwaka juzi, zimesimama bega kwa bega. Visikio vimebanwa kwenye mbaazi hizo, na tangu vibanwe havijasikia cha maana.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umekula?"

Hakungoja jibu, alionyesha sufuria ya makande kwa kidevu. Sisi Wapare tunasemwa kwa mambo mawili, makande na kesi. Mengine ni uzushi.

Nilipakua, nikakaa juu ya ndoo, nikamtazama. Alikuwa amemwagilia matuta Jumamosi, zamu yake ilipofika, akayanywesha mpaka kijiti cha shubiri nzima kikazama kwenye unyevu bila kusukumwa kwa nguvu. Kisha akayaacha siku tatu yapumue. Sasa alikuwa anafunua matandazo, anatoboa kwa kidole, anatia punje mbili, anafukia, anagandamiza kwa nyuma ya mkono, anarudisha nyasi. Kuanzia hapo hadi jani la tatu haongezi hata kikombe.

Zile kunde zilikuwa za madoadoa, mbegu aliyoachiwa na nyanya yake. Hakuna mwingine aliyebaki nayo bonde zima. Alikuwa na kibuyu kimoja, kinachotosha matuta manane, na hakuna akiba.

"Ukimwagilia kila siku," akasema bila kuinua macho, kana kwamba bado nina miaka saba, "mizizi inakaa juu, kama wageni wanaosubiri chai. Ikijua chai haiji, inashuka chini kutafuta maji yalikojificha. Ni wewe tu, unataka wageni au unataka wenyeji."

Nikamweleza habari ya Ijumaa. Alisikiliza hadi mwisho, akatia punje mbili, akafukia.

"Unataka nifanye nini?"

"Funua mbaazi mbili tu upande wa mwisho. Toa matandazo, jua lipige udongo siku mbili. Zitalia, Mizani atasikia, zamu itabaki."

Aliinuka. Magoti yalimchukua muda. "Niitese mbaazi ili mashine inionee huruma?"

"Ni mbili tu, Mama Mkubwa."

"Namsifu. Kuna siku niliwahi kukunyima chakula humu ndani ili ulie, majirani wasikie?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi nenda kwa wazee wa Baraza ukalalamike. Nilishawaambia kwamba kanuni ni mbovu, wakaniambia mgawa maji hana shauri. Mpaka mwenye zamu aseme mwenyewe ameumia."

"Mimi si mtu wa kulalamika," akasema, na hilo ni kweli tupu. Mama yangu alipofariki alinibeba mgongoni kutoka makaburini, kesho yake akatifua matuta. Mumewe alipofariki, vilevile. Nilipopewa kazi ya ndiva miaka minne iliyopita, nikahamia nyumba ya mgawa maji kule juu, alinifungia mbegu kwenye kitambaa akaniambia niende salama. Huwa nakuja Jumapili. Nyingine siji, na nisipokuja haulizi, nami nikajiambia hana neno.

JUMATANO

Mzee Eliwaza Mbwambo aliingia kibandani akavuta kigoda kabla sijamkaribisha.

"Shikamoo, Mzee," Mizani akawahi.

"Marahaba," akajibu kwa pembe ya mdomo. Miaka mingi alikataa kabisa kuzungumza na Mizani, akisema hawezi kumkubali mtoto wa juzi asiyejua kuamkia. Mtu fulani, sitamtaja, akamfundisha Mizani kuamkia.

"Namsifu, nimesikia napewa zamu ya Nakijwa."

"Ijumaa."

"Siitaki."

"Kanuni haiulizi kama unaitaka."

"Mchicha wangu unaogelea sasa hivi. Nikipewa mara mbili utaoza wote mpaka mashina."

"Nimekwambia mara ngapi, Mzee? Mwagilia kwa nafasi, maji yashuke. Unaulowesha juu juu kila siku, mizizi haina kina, jua likitoka kidogo unapiga kelele."

"Sasa unalia, nitauachaje?" akasema, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. "Nina moyo mimi."

Huyu ndiye mtu aliyemshtaki Mama Mkubwa miaka ishirini na miwili iliyopita kwa sababu ya ua wa minyaa uliosogea hatua moja na nusu. Ua ulikuwa wa nani na ulisogezwa na nani, hakuna anayekumbuka tena, ila shauri lingali hai, linatajwa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Watu hututania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mimi sidhani Mzee Eliwaza anataka kushinda. Tangu alipofiwa na mkewe, Jumanne ya shauri ndiyo siku pekee anayopiga shati pasi.

"Na kuna jingine," akasema. "Nakijwa akifutwa zamu, ametoka kwenye daftari la ndiva. Akitoka kwenye daftari, shauri la minyaa linakufa. Nitakuwa nagombana na nani?"

"Pole, Mzee."

"Pole haisaidii. Kanuni ya kumi na tisa inasaidia." Akakohoa, akaisema kwa kichwa, kwa maana aliiandika yeye. "Zamu haifutwi wakati mwenye zamu ana lalamiko lake mezani."

Nilikuwa nimeisahau. Kanuni za Mizani ni ishirini na tatu, na kumi na moja kati ya hizo zinahusu mashauri. Watu wengine wakipewa mashine ya kugawa maji huuliza kwanza itagawaje. Wazee wetu waliuliza kwanza itakuwaje kwa mtu mwenye kesi.

"Lakini lile la minyaa ni lako," nikasema. "Yeye ni mshtakiwa. Inatakiwa alalamike mwenyewe."

"Ndiyo tatizo. Nimemwendea jana jioni. Nikamwambia, Nakijwa, nilalamikie mimi. Chochote. Sema kuku wangu wamekula choroko zako, karatasi nakuandikia mwenyewe. Akanijibu, kuku wako hawajala choroko zangu. Nikamwambia, basi hata uongo mdogo, wa kijirani. Akanifungia mlango."

Akaviringisha ukingo wa kofia yake. "Mkaidi yule," akasema, na hakusema kwa ubaya.

ALHAMISI

Sitajitetea. Saa mbili asubuhi nilifungua kisanduku cha usikivu, nikatafuta namba thelathini, nikaitoa nne, nikaiweka tisa.

Kwenye tisa kisikio kinasikia hata sisimizi akipanda shina. Mbaazi za Mama Mkubwa, ambazo hazijawahi kunung'unika, zikajaza kioo kwa milio.

"Usikivu wa namba thelathini umebadilishwa," akasema Mizani. "Kuna upepo?"

Nilichungulia dirishani. Vumbi la njiani lilikuwa limelala, hakuna hata unyasi uliotikisika.

"Upo," nikasema.

"Nimeandika upepo. Hata baada ya kupunguza upepo, milio ni elfu moja na mia mbili. Namba thelathini ina kiu kali. Nitaipa saa mbili za maji mara moja. Zamu ya namba thelathini na moja itasubiri. Naomba ruhusa."

Nilitoa ruhusa. Lango likafunguka, na nakiri nilijisikia vizuri. Nilijiona mtoto mwema. Miaka yote amenipa bila kuombwa, sasa nimempa na mimi. Ukimya umevunjika, msimu wa tatu umeharibika, zamu imebaki, na hakuna mbaazi iliyoteswa. Nilimimina uji mwingine, nikainua kikombe, na kikombe kikaishia njiani.

Kunde.

Nililelewa kwenye yale matuta. Najua punje ya siku mbili ardhini inavyofanywa na saa mbili za maji, najua kama ninavyojua jina langu, na bado kidole kilibonyeza. Niliteremka kile kilima mbio, viatu mkononi.

Alikuwa ameshaziba mdomo wa mfereji wake kwa magunia na tope, amekata ukingo wa chini kwa jembe, na maji yalikuwa yakielekea kwa Mzee Eliwaza, mwenye maji hayo. Lakini matuta matatu ya karibu na mfereji yalikuwa madimbwi. Yale matuta ya kuzama yaliyotengenezwa yasipoteze tone hayakupoteza tone. Matandazo yalielea, na kati ya nyasi zilielea kunde za madoadoa, zimevimba, ngozi zimepasuka.

Mama Mkubwa alikuwa ndani ya maji hadi kwenye vifundo vya miguu, anaziokota moja moja na kuzitia kwenye pindo la kanga.

"Maji haya ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, Mama Mkubwa. Mbaazi zimelia."

"Mbaazi zangu?"

Akatoka dimbwini, akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye mstari wa mbaazi, akaniwekea kiganja kwenye jani. Lilikuwa la baridi, limekaza, halina hata dalili ya kulegea.

"Hili limelia?"

Sikuweza kumdanganya nikiwa nimelishika. "Hapana."

"Basi ni maji ya nani?"

"Ya Mzee Eliwaza."

Alirudi dimbwini. Nami nikaingia, nikainama kando yake, tukaokota. Kila punje niliyoiinua ilikuwa laini kama kitu kilichochemshwa. Nilimwambia nilidhani namsaidia. Akasema, "Najua." Nilimwambia nilimwogopea, kwamba akilini niliona bustani imekauka na yeye amekaa katikati yake hasemi kitu, na sikuweza kuvumilia. Akasema, "Najua, mwanangu." Nilitamani anigombeze. Nilimpenda sana saa ile, na nilijua kwamba mapenzi yangu ndiyo yaliyokuwa yakielea mle pamoja na nyasi.

"Iliyovimba hairudi," akasema mwishoni, akakung'uta pindo la kanga juu ya lundo la mboji.

Niliporudi kibandani nilirudisha usikivu kwenye nne na kufuta hesabu za asubuhi, zote, pamoja na zile zilizoiokoa zamu. Nisingeweza kuziacha. Mizani akaniarifu kwamba namba thelathini imerudi kwenye kimya, na kwamba zimebaki saa ishirini na mbili.

IJUMAA

Walikuja saa tano na dakika kumi asubuhi. Mama Mkubwa alivaa kitenge chake cha kanisani. Mzee Eliwaza alivaa shati lililopigwa pasi, ingawa haikuwa Jumanne, na alikuwa na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Shikamoo, Mzee. Karibuni."

"Marahaba," akasema Mama Mkubwa. Hakukaa. "Nimekuja kulalamika."

Mzee Eliwaza alikuwa anatazama dari, uso wake umejaa furaha aliyoshindwa kuificha.

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya mgawa maji."

Kwa kanuni zetu kila lalamiko huandikwa na mgawa maji kwa mkono wake, kisha husomwa mbele ya Mizani. Hakuna kanuni inayosema afanye nini likiwa dhidi yake mwenyewe. Nilivuta daftari. Mzee Eliwaza akafungua karatasi, akasoma polepole, kwa upole ambao sikuutegemea: kwamba jana Alhamisi mgawa maji alimpa mlalamikaji maji ambayo hakuyaomba, ambayo mimea yake haikuyaomba, na ambayo yalikuwa ya jirani yake, na kwamba maji hayo yameua matuta matatu ya kunde.

Nilielewa vizuri ninachoandika. Kwa kanuni ya pili, mgawa maji aliyelalamikiwa kwa kuchezea visikio anakabidhi kazi siku ileile. Miaka minne ya kazi hii, na sijui nyingine. Na nilielewa upande wa pili pia: nikiliandika kabla ya saa sita, mwenye zamu ana lalamiko lake mezani. Nisipoliandika, nikisema wino umekwisha, nikisema warudi alasiri, mwenye zamu atakuwa ameshatoka kwenye daftari, na kazi nitabaki nayo.

Niliandika. Ila kuna jambo lilinisumbua, nikaliuliza.

"Mama Mkubwa, ulikuwa unaijua kanuni ya kumi na tisa?"

"Eliwaza alinieleza Jumanne. Nisingekuja kwa ajili hiyo. Nimekuja kwa sababu umekosea, na tuliokosewa ni mimi, na Eliwaza, na kunde. Kama kuna jingine linalofuata nyuma yake, lifuate."

"Lifuate," Mzee Eliwaza akaunga mkono kwa moyo wake wote.

Nililisoma mbele ya Mizani.

"Mlalamikiwa anakubali au anakana?"

"Nakubali. Jana hakukuwa na upepo."

"Nilikuandikia upepo kwa sababu ulisema upo," akasema Mizani. "Nitaufuta." Sikuwahi kufikiri kwamba nitaona haya mbele ya mashine, lakini niliona.

"Mlalamikaji anadai nini?"

Mzee Eliwaza alikuwa amejiandaa. Alikohoa, akageuza karatasi. Upande wa pili kulikuwa na madai saba, kuanzia maji ya fidia hadi kuombwa radhi mbele ya kijiji kizima. Alifika la pili, Mama Mkubwa akainyakua karatasi mkononi mwake bila haraka, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye kiuno cha kitenge.

"Hayo siyadai," akasema.

"Nakijwa, bila dai—"

"Bila dai lalamiko halipokelewi," akasema Mizani. "Ni saa tano na dakika arobaini na nane."

Tukangoja. Nje lango fulani lilikwaruza, sikuangalia ni la nani. Mama Mkubwa alitazama sakafu. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Nimemwona akichimba kisima kilichokauka, nimemwona akishusha jeneza la mdogo wake, sijawahi kumwona akishindwa na kitu kama alivyokuwa anashindwa pale. Mtu ambaye hajaomba maisha yake yote hajui neno la kuanzia. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Jana nilishamsaidia vya kutosha.

"Nadai aje," akasema.

"Aje wapi?" akauliza Mizani.

"Nyumbani. Yale matuta matatu yanapandwa upya, hata kwa choroko, na magoti yangu hayashuki tena kama zamani." Alivuta pumzi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi niache kuandika ili niisikie. "Jumapili mbili zilizopita hakuja. Nilipika. Nikafunika chakula mpaka jioni. Andika hilo, Namsifu. Andika kwamba nilikuwa namsubiri."

Niliandika. Sikuona vizuri nilichoandika, macho yalikuwa yamejaa, lakini niliandika yote, jinsi alivyosema, na sikurekebisha neno.

"Dai limepokelewa," akasema Mizani. "Lalamiko liko mezani. Zamu ya namba thelathini haitafutwa hadi shauri litakapokwisha. Naomba muda wa dai: mlalamikiwa aje kwa siku ngapi?"

Mama Mkubwa akanitazama, mara ya kwanza tangu jana. Mzee Eliwaza akaniinamia hadi nikasikia harufu ya pasi kwenye shati lake, akaweka kidole chake chenye udongo kwenye daftari, pale penye nafasi ya tarehe ya mwisho.

"Hapo usijaze, mwanangu," akaninong'oneza. "Ukipajaza, shauri linaisha."

Nikapaacha wazi.